Kazi Njema Ijulikane, na Mwenyewe Ajulikane

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali njema, nayo imewalea wengi wetu katika staha. Lakini methali ni kama dawa: ina kipimo chake. Mfanyakazi anayeimeza bila kipimo hukaa kimya na ujuzi wake miaka thelathini akingoja wakubwa wamwone, mpaka siku ya kustaafu inamkuta angali akingoja. Siku hiyo hupewa mabati na mkono wa kwaheri, akaenda zake na elimu yote kichwani. Kesho yake mtambo alioufahamu yeye peke yake ukigoma, ofisi nzima hubaki imeshika tama.

Tunalizungumza jambo hili kwa sababu linagusa mambo mawili kwa pamoja: haki ya mfanyakazi na maslahi ya taifa. Cheo, nafasi ya masomo na dhamana ya kazi kubwa humwendea yule ambaye kazi yake inajulikana. Hilo halina ubishi. Pale wenye ujuzi wanaponyamaza, wenye maneno huijaza nafasi hiyo, na hatimaye kazi ya fundi hupewa msemaji. Hasara yake haimwangukii fundi peke yake. Humwangukia mgonjwa anayehudumiwa, mkulima anayengoja pembejeo, na mwananchi anayelipa kodi.

Twafahamu vema chimbuko la ukimya huu. Malezi yetu, ya nyumbani na ya chuoni, yametufundisha kuiogopa ria, yaani kutenda jambo ili kuonekana na watu. Katika siasa nako, Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakemea viongozi wenye majivuno na dharau. Mafunzo hayo yote ni sahihi, wala hatuna nia ya kuyapunguza hata chembe. Tunachokataa ni kuchanganya vitu viwili visivyofanana: kujikweza na kuijulisha kazi.

Anayejikweza huitangaza nafsi yake. Anayeijulisha kazi hueleza alichofanya, alivyokifanya, kilichofaulu na kilichoshindikana, ili mwenzake apate kukijaribu, kukikosoa na kukirithi. Kipimo cha kuwatofautisha ni chepesi: waulize maswali. Wa kwanza hukasirika; wa pili hufurahi, maana alikuwa akiyatafuta maswali hayo.

Mfano tunao hapa hapa nchini, nao ni wa kijana wa shule. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia katika jokofu. Siku hiyo nafasi ya jokofu ilikuwa ikigombewa, akayatia ya kwake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyotiwa yakiwa baridi. Alipomwuliza mwalimu sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, alipokuwa Mkwawa, Iringa, swali lile lile lilimletea dhihaka kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya ulimwengu.

Kijana hakunyamaza. Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipokwenda shuleni hapo kutoa mhadhara, Mpemba alisimama na kuuliza mbele ya wote. Wenzake wakacheka. Mgeni yule hakucheka. Aliporudi chuoni alimwagiza fundi wa maabara alijaribu jambo lenyewe. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education, jina la Mpemba likiwa la kwanza na la Osborne likifuata. Wakati huo Mpemba alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori katika Chuo cha Mweka. Fizikia haikuwa hata kazi yake. Lakini tangu hapo jambo hilo hutajwa duniani kwa jina la Mtanzania huyo. Wataalamu wangali wanabishana kulihusu, na mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walichapisha vipimo vyao na kutilia shaka kama lipo kweli. Ubishi huo haumpunguzii Mpemba heshima yake. Jambo lisiloandikwa halibishaniwi, husahauliwa.

Katika habari hiyo mna mafunzo matatu. La kwanza, Mpemba hakusema kwamba yeye ni hodari. Alisema ameona jambo na angependa kujua sababu. La pili, jambo lake lisingefika popote kama lisingejaribiwa na kuandikwa. La tatu lawahusu wakubwa. Dakta yule alikuwa na kila nafasi ya kuichukua hoja ya mtoto wa shule na kuifanya yake, wala hakuna ambaye angemwuliza. Hakufanya hivyo. Hata hivyo, fundi wa maabara aliyechemsha na kupima maji yale, katika masimulizi tunayoyasikia kila mara, hatajwi kwa jina. Hao ndio tunaowasemea leo. Kila idara ina watu wa namna hiyo, ambao kazi yao imo katika taarifa na majina yao hayamo.

Njia nyingine ya kujulikana ni kufundisha. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za kawaida za dukani juu ya vipande vya hadibodi. Alifariki mwaka 1972. Miaka yake ya kuchora haizidi vidole vya mkono mmoja. Lakini katika muda huo mfupi aliwaketisha jamaa zake na vijana wengine ubavuni pake, akawapa mkono wake. Leo jina lake limekuwa jina la uchoraji wenyewe, na wako wanaokula kwa jina hilo ambao hawakupata kumwona. Laiti angalificha ujuzi wake kwa kuogopa kunyang'anywa soko, jina lingalizikwa pamoja naye. Yatupasa kuwakumbusha mafundi wanaomgeuzia mwanagenzi mgongo wafikapo penye siri ya kazi: ujuzi unaofichwa hauongezi thamani ya mwenyewe.

Sasa mfanyakazi afanye nini? Kwanza, kazi yenyewe iwe kazi. Hakuna njia ya kuijulisha kazi isiyokuwapo. Pili, awe na daftari. Aandike tarehe, tatizo, alichofanya na matokeo. Muuguzi aliyepanga upya zamu na foleni ya wagonjwa ikapungua, karani wa masjala aliyebuni mpango wa majalada yasipotee, fundi aliyechonga kipuri badala ya kungoja cha kuagizwa ng'ambo, wote hao wana jambo la ukurasa mmoja la kumpelekea mkuu wao, lenye tarehe na sahihi. Tatu, katika mkutano wa wafanyakazi asikae nyuma akanong'ona. Asimame aseme mbele ya wote. Na aseme kwa Kiswahili sanifu kinachoeleweka. Asiyeweza kuieleza kazi yake kwa lugha ya wananchi, huenda yeye mwenyewe bado hajaielewa.

Nne, awe mtu wa taaluma yake, si mtu wa ofisi yake tu. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1972. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ipo kwa sheria ya mwaka 1997. Walimu, madaktari, wauguzi na wanasheria nao wana vyombo na vyama vyao. Vyombo hivi havikuwekwa kwa ajili ya kutoa vyeti vya kutundika ukutani. Humo ndimo mtu wa Songea hukutana na mwenzake wa Bukoba mwenye tatizo lile lile, na humo ndimo kazi hupimwa na watu wanaoijua. Sifa ya mkuu wa ofisi ni njema, lakini mkuu huhamishwa. Sifa ya wenye fani hubaki na mwenyewe popote aendapo.

Wapo siku hizi wanaodhani kwamba kazi hii yote imekwisha kufanywa na simu ya mkononi. Kila semina ina picha, kila cheti hurushwa mitandaoni kabla wino haujakauka. Hatuwakatazi. Tunawauliza tu: ulijifunza nini katika semina hiyo, na nani kazini kwako amefaidika nacho? Picha isiyoweza kujibu swali hilo ni kile kibaya kinachojitembeza ambacho wahenga walikisema.

Lakini itakuwa dhuluma kumtwisha mfanyakazi mzigo wote. Viongozi wa kazi nao wana wajibu, na baadhi yao hawautimizi. Yuko mkuu anayepokea taarifa iliyoandikwa na afisa wa chini, akafuta jina, akatia lake, akaenda kuisoma mbele ya wakubwa. Huo ni wizi, ingawa hakuna aliyevunja kufuli. Mwaka 2004 utumishi wa umma ulianzishiwa utaratibu wa wazi wa kupima utendaji kazi, uliojulikana kama OPRAS, ili mtumishi na msimamizi wake wakubaliane malengo na kuyapima pamoja. Utaratibu wowote wa namna hiyo, hata ukibadilishwa jina na kuingizwa katika kompyuta, hauna faida endapo fomu hujazwa haraka haraka mwishoni mwa mwaka kwa kutimiza desturi.

Hali kadhalika zawadi za mfanyakazi bora zitolewazo kila Mei Mosi. Pale zinapotolewa kwa zamu, mwaka huu idara hii na mwakani idara ile, huwa posho, wala si heshima tena. Tunapendekeza kila anayetunukiwa asomewe hadharani kazi aliyoifanya, kwa sentensi mbili tatu, ili wenzake wajue wamfuate katika lipi. Kama hakuna sentensi za kusoma, basi hakuna zawadi ya kutoa.

Wako watakaosema kwamba kutaja majina kutavunja umoja wa wafanyakazi, kwa kuwa kazi ni ya wengi. Sisi twaona kinyume chake. Umoja huvunjwa na manung'uniko ya watu waliofanya wasitajwe, huku wasiofanya wakisifiwa. Kama kazi ni ya kumi, watajwe kumi, na aliyebeba maji ya kuchanganyia saruji awe mmoja wao.

Basi mfanyakazi aseme kazi yake, mkuu amtaje aliyeifanya, na fundi mkongwe amkalishe kijana ubavuni pake kabla mabati ya kustaafu hayajafika. Kizuri chajiuza, naam. Lakini hata kizuri hakina budi kwanza kitolewe ndani, kiwekwe barazani, watu wakione.