Daftari la Skuli na Leseni Yake

Mali bila daftari hupotea bila habari. Skuli haina mali kubwa kuliko wanafunzi wake, na daftari lao, yaani majina, mahudhurio, alama za mitihani na uhamisho wa kutoka Pemba kuja Unguja, linazidi kuhama kwenye karatasi na kuingia katika kompyuta. Jambo hilo ni la heri. La kusikitisha ni kwamba wapo wenye dhamana wanaouliza bei ya programu na idadi ya mashine, kisha wakalipita suala la leseni kana kwamba ni kazi ya mawakili peke yao.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maandishi yenyewe ya programu, huwekwa wazi ili kila mtu aweze kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Kwa upande wa skuli zipo kadhaa. Mojawapo, Gibbon, ilianzishwa na mwalimu Ross Parker huko Hong Kong. Lakini uhuria huo si wa aina moja.

Leseni ya BSD au ya Apache ni mfano wa hiba. Aliyepewa hufanya atakalo: akipenda ataongeza chumba, akipenda atajenga ukuta na kuuza ufunguo. Leseni ya GPL, iliyotolewa na Richard Stallman mwaka 1989, inakaribia zaidi wakfu, jambo ambalo watu wa visiwa hivi hawahitaji kufundishwa. Kisima cha wakfu kila mtu huteka, na mwenye kutaka kukitengeneza hakatazwi, ila hawezi kukigeuza kuwa chake.

Hata hivyo GPL ina tundu. Wajibu wake huanza pale mtu anapompa mwenzake nakala ya programu. Kampuni inayoiweka kwenye seva yake, skuli zikaitumia kwa njia ya intaneti, haijampa mtu nakala. Inaweza kuirekebisha miaka kumi bila ya kumwonesha yeyote hata mstari mmoja. Na programu nyingi za skuli siku hizi hutumika hivyo hivyo. Leseni ya AGPL ya mwaka 2007 iliziba tundu hilo: anayeitumia kwa mtandao programu iliyorekebishwa naye ana haki ya kupata msimbo wake. Kwa kazi inayolipiwa na fedha za umma, sisi tunaona hii ndiyo inayofaa.

Tutaambiwa kwamba DHIS2, mfumo wa takwimu ambao Zanzibar ilikuwa miongoni mwa waliotangulia kuutumia katika afya, una leseni ya BSD na haujafungwa. Ni kweli. Lakini nyuma yake kipo Chuo Kikuu cha Oslo, na kinachoulinda ni nia ya chuo hicho. Mkandarasi mdogo akinunuliwa kesho, nani atatudhaminia nia yake?

Wafanyabiashara wasione wananyang'anywa riziki. Leseni hizi hazimkatazi mtu kutoza ujira wa kufunga programu, kufundisha walimu au kutengeneza kilichoharibika. Wala wazazi wasihofu: kufungua msimbo si kufungua siri za watoto. Alama za mtoto si sehemu ya msimbo.

Leseni husimama juu ya hakimiliki, ambayo hapa ina Sheria yake ya mwaka 2003. Kwa hiyo mkataba hauna budi kueleza mapema nani mwenye haki na leseni ni ipi. Programu ikishaandikwa na watu ishirini, kila mmoja na haki yake, kuibadili leseni kunataka ridhaa yao wote, na baadhi yao watakuwa wameshahama au wamefariki. Mkataba useme vile vile kwamba msimbo pamoja na nakala kamili ya taarifa za wanafunzi vikabidhiwe Wizara kila muhula, si siku mkandarasi anapofunga virago. Na vijana wa Wizara waiwashe nakala hiyo kwenye mashine nyingine, waone kama inafanya kazi.