Moshi Mweusi Si Nguvu

Kuna sentensi moja ninayoisikia kila nikikaa na vijana wenzangu wanaopenda magari, na siwezi tena kuivumilia: "Mwambie fundi akufungulie pampu." Inasemwa kirahisi, kama mtu anayekuelekeza duka la vocha. Gari la zamani la dizeli lenye tabo limechoka, halivuti mlimani. Basi fundi achukue spana, azungushe skrubu moja nyuma ya pampu, gari liamke. Robo mzunguko tu. Mimi niliisema sentensi hiyo kwa mjomba wangu, na ndiyo maana naona nina haki ya kuikasirikia.

Mjomba ana Mitsubishi L200 ya miaka ya 1990, injini 4D56. Anatoa parachichi na viazi Njombe kuleta Dar es Salaam, anarudi na bidhaa za duka. Wanaoijua injini hii hawahitaji maelezo. Kwa wengine: silinda 4, ujazo wa cc 2,477, bloku ya chuma, hedi ya alumini, pampu ya mafuta isiyo na kompyuta yoyote. Kiwandani ilitoka na nguvu farasi kati ya 85 na 105 hivi, kutegemea toleo na kama ina intakula. Si injini mbaya. Ni injini ndogo iliyopewa kazi kubwa, kama watu wengi ninaowajua.

Mjomba alilalamika kwamba mlima Kitonga unamshinda. Wakati huo nilikuwa na shahada ya kwanza ya uhandisi mitambo, ada alilipa yeye, na nilikuwa nimeanza ya uzamili. Ningeweza kuuchora mzunguko wa Diesel ubaoni nimefumba macho. Nikampeleka kwa fundi pampu, nikasimama pembeni nimekunja mikono, nikasema: "Ongeza." Fundi akauliza kama gari lina geji ya joto la eksozi. Nikacheka. Hakuuliza tena. Mteja akishacheka, fundi anafanya alichoambiwa.

Sasa nieleze tulichokuwa tunakifanya, maana wengi wanaosema "fungua pampu" hawajui wanafungua nini. Injini ya dizeli ya aina hii haina kizuizi cha hewa. Inavuta hewa yote inayoweza kuipata, na mguu wako unaamua kiasi cha mafuta. Kwa hiyo ni kweli kwamba ukiongeza mafuta, nguvu inaongezeka. Hapo ndipo uongo unapopata nusu yake ya ukweli. Kilo moja ya dizeli inahitaji takriban kilo 14.5 za hewa ili iungue yote, na hiyo ni hesabu ya karatasi. Ndani ya silinda mafuta na hewa havipati muda wa kuchanganyika vizuri hivyo, kwa hiyo moshi huanza mapema, hata hewa ikiwa bado kilo 18 au 20. Ukivuka hapo, sehemu ya kila tone unaloongeza inatoka kama masizi. Moshi mweusi unaowafurahisha vijana kwenye video ni dizeli waliyoilipia kituoni wakashindwa kuitumia.

Kinachoongezeka kwa uhakika ni joto. Alumini tupu huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na aloi ya pistoni hulegea kabla ya hapo. Dizeli iliyofunguliwa pampu ovyo, ikipanda mlima na mzigo, inaweza kupitisha gesi ya zaidi ya nyuzi 750 kuelekea kwenye tabo. Pistoni inasalimika kwa sababu kila mzunguko inapata hewa mpya, na oili inaipoza kwa chini. Ukiovateki kwa sekunde 10, inavumilia. Kitonga si sekunde 10. Na ile geji ya kwenye dashibodi unayoitegemea inapima maji. Maji yanapokuja kukupa habari, chuma kimeshateseka.

Halafu kuna jambo ambalo mhandisi mtarajiwa nilipaswa kulikumbuka kabla ya fundi yeyote. Pampu ilifunguliwa Dar es Salaam, usawa wa bahari. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 juu, ambako hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 15, na Njombe iko juu zaidi. Tabo inafidia sehemu tu ya upungufu huo. Skrubu haijui umehama mkoa. Inaendelea kumwaga mafuta yaleyale. Moshi uliokuwa kivuli Dar es Salaam unakuwa wingu nyanda za juu.

Safari mbili za kwanza mjomba alinipigia simu akinisifu. Ya tatu alinipigia akiwa amesimama katikati ya Kitonga, maji yanatokota na kurushwa nje. Lilivutwa hadi gereji Iringa. Hedi ilipofunguliwa ilikuwa imepasuka kati ya valvu, na pistoni ya tatu imelika pembeni. Fedha za msimu mzima wa parachichi zilikwenda pale, na muhula ule binamu yangu alirudi shuleni amechelewa wiki tatu.

Najua majibu. La kwanza: "Mbona la fulani limefunguliwa na linadunda?" Linadunda tambarare, bila mzigo, na fulani hakuonyeshi bili zake. La pili: "Injini ilikuwa mbovu tayari." Huenda. Hedi za 4D56 zina sifa hiyo tangu zamani. Lakini hiyo ni sababu ya kutoigusa kabla ya kuipima, wala hainiondolei lawama. (La tatu ni la wanaouza viboksi vya kuongeza nguvu hata kwa injini kama hii. Pampu haina kompyuta. Sijui waya wa kiboksi unachomekwa wapi, labda kwenye redio.)

Wala sipo upande wa wale wanaosema gari kuukuu liachwe life, au mjomba anunue jipya. Anunue kwa nini? Kuongeza nguvu ya injini ya zamani ni kazi halali na ya heshima. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alipata hataza ya wazo la tabo mwaka 1905, na katikati ya miaka ya 1920 injini za meli mbili za Ujerumani zilipandishwa kwa njia yake kutoka nguvu farasi 1,750 hadi 2,500. Alianza na hewa, na mafuta yakafuata. Sisi tumegeuza mpangilio huo kwa sababu hewa ni gharama na skrubu ni bure.

Ningeanza upya, ningemwambia fundi hivi: tubadili filta ya hewa kwanza. Tupake maji ya sabuni kwenye mipira ya tabo tuone inapovuja. Nozeli zipimwe. Rejeta izibuliwe. Gari la mjomba, nina hakika, lilikuwa limepoteza nguvu zake lenyewe kabla hatujatafuta za ziada. Kisha geji mbili, ya mgandamizo wa tabo na ya joto la eksozi. Kisha intakula na bomba pana la eksozi. Mafuta mwisho kabisa, kidogo kidogo, mlimani, macho yakiwa kwenye geji.

Na tusijifanye hasara ni ya mwenye gari peke yake. Pale Ruaha Mbuyuni magari yanapunguza mwendo kabla ya mlima, na kina mama wanauza vitunguu hatua chache kutoka barabarani. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Nimepita pale ndani ya gari la mjomba, nimefunga vioo, nikatazama wingu letu kwenye kioo cha pembeni likiwafunika. Nilijisikia fahari. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hedi.

Huwa tunawaita mafundi vishoka. Siku ile kishoka alikuwa mimi. Fundi ndiye aliyeuliza swali la kihandisi.

Skrubu imerudishwa ilipokuwa. Geji ya joto la eksozi ipo sasa, nimeifunga mwenyewe, na mjomba ameelewa kuisoma haraka kuliko wanafunzi wa mwaka wa kwanza ninaowasaidia maabara. Anapanda Kitonga kwa gia ya pili, nyuma ya malori. Akifika Ilula ananipigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Sindano ilifika 600, nikaachia mguu. Maji hayajapungua."