Kabla Hujaipa Nyota Mbili

Familia yetu yoyote ikihamia Kansas City, iwe imetoka Dar es Salaam, Bukavu, Bujumbura au kambi ya Nyarugusu, haimalizi miezi mitatu kabla ya jirani au mfanyakazi mwenzao kuwauliza: "Bado hamjala babikyu?" Basi siku ya mshahara mama anashika simu, anasoma maoni ya wateja ili ajue pa kuwapeleka watoto, na papo hapo anachanganyikiwa. Mgahawa ni ule ule mmoja. Wa kwanza anasema hajawahi kula nyama kama ile tangu azaliwe. Wa pili anasema nyama kavu, sosi kama siki tupu, foleni ndefu, harudi tena. Huyu katoa nyota tano, yule nyota moja.

Swali ninaloulizwa ni hili: tumwamini nani? Jibu langu ni kwamba wote wawili huenda wanasema kweli. Kabla ya kuuliza nani mkweli, uliza kwanza kila mmoja alikwenda pale kutafuta nini. Nitatumia mfano wa mgahawa wa Arthur Bryant's, kwa sababu ni wa siku nyingi na watu wamebishana juu yake tangu enzi za barua na magazeti.

Chanzo chake ni mtu mmoja aliyeitwa Henry Perry, Mmarekani Mweusi kutoka Tennessee, upande wa Memphis, aliyejifunza kupika kwenye meli za mvuke za mtoni. Alifika Kansas City mwanzoni mwa karne iliyopita, na kufikia 1908 alikuwa akiuza kichochoroni nyama iliyobanikwa polepole kwa moshi wa kuni za mwaloni na hickory, akiifunga kwenye gazeti. Baadaye alihamia mitaa ya watu Weusi, karibu na makutano ya mtaa wa 18 na Vine, na wateja Weusi kwa Weupe wakamfuata huko. Sosi yake ilikuwa kali ya pilipili, haikubembeleza mtu. Alipofariki 1940, biashara ilishikwa na Charlie Bryant aliyekuwa akimfanyia kazi, kisha 1946 ikaenda kwa mdogo wake, Arthur. Arthur akaipunguza makali ile sosi. Mwaka 1958 wakahamia Brooklyn Avenue, mtaa ule ule uliokuwa na uwanja wa besiboli, na mpaka leo wapo hapo hapo. Rais Truman alikula kwao, Carter alikula, na Obama alifika mwaka 2014.

Maoni ya mteja yaliyoipa nyumba hii jina duniani yaliandikwa 1972 na mwandishi Calvin Trillin. Alisema wazi kwamba huu ndio mgahawa bora kuliko yote duniani. Hakusema bora mjini, wala bora kwa babikyu peke yake. Alisema duniani, huku Paris ipo, na mgahawa wenyewe ni mahali unapopanga foleni, unapewa nyama imerundikwa juu ya mkate wa slesi, na unajitafutia meza.

Sasa sikiliza jambo ambalo sisi tulio mbali na kwetu tungepaswa kulielewa kuliko wasomaji wote. Trillin alizaliwa Kansas City, lakini alipoandika maneno yale alikuwa akiishi New York. Alikuwa mhamiaji, ingawa hakuvuka mpaka wa nchi. Pale kwa Bryant palikuwa sehemu ya mji aliokulia, na ulimi wake ulikuwa na kumbukumbu ambayo mgeni hanayo. Simtuhumu kwa uongo. Ninachosema ni kwamba nyota zake hazikuwa za nyama tu. Ukimwuliza Mnairobi aliyeko Manchester ni wapi duniani kuna nyama choma bora, hatakutajia Argentina. Atakutajia kibanda fulani, na atakutajia hata benchi alilokuwa akikalia.

Sasa mgeni anasoma sifa za namna hiyo, anapanda ndege, anafika akitarajia miujiza, na anapewa kidari, mkate na matango ya siki kwenye karatasi. Anatoa nyota mbili. Naye hadanganyi. Alikuja kutafuta miujiza, akauziwa chakula cha mchana.

Tazama malalamiko yenyewe yanavyokwenda. La kwanza ni sosi. Wateja wengi husema ile ya Bryant's ni chachu, ina paprika nyingi, na inaacha chenga mdomoni. Wengine huongeza kwamba "hii si sosi ya Kansas City." Hapo ndipo pa kucheka kidogo. Sosi tamu na nzito ya nyanya ambayo dunia nzima inaijua kama ya Kansas City imesambazwa zaidi na chupa za KC Masterpiece, na hiyo ilitengenezwa 1977 na daktari mmoja, Rich Davis, miaka 69 baada ya Perry kuanza kuuza kichochoroni. Mjukuu amekuwa kipimo cha kumlaumia babu. Kwa wenye kisukari, hilo la utamu si mzaha: sosi nyingi za chupa zina sukari kwa wingi, kwa hiyo ombeni iwekwe pembeni, usikubali imwagwe juu ya nyama.

La pili ni bei ya zile ncha za kidari zilizoungua. Enzi za Arthur zilikuwa masalio ya ubaoni. Mkataji alizisukuma pembeni ya kaunta, na aliyekuwa kwenye foleni alijiokotea bure. Trillin alizisifu mno, watu wakaanza kuziulizia, na leo zina mstari wake kwenye orodha ya bei, tena si rahisi. Mzee aliyezila bure akiwa kijana ataona ameibiwa. Mwanafunzi aliyezionja juzi kwa mara ya kwanza ataona pesa yake imekwenda mahali pazuri.

La tatu ni namna ya kupokelewa. Katika mji huo huo kuna Gates, ulioanza 1946, ambao ni mshindani wa siku zote wa Bryant's. Ukisukuma mlango tu, mhudumu anakupigia kelele kutoka ng'ambo ya kaunta akikuuliza akusaidie nini. Wenyeji wanaipenda sauti hiyo kama adhana ya jioni. Sisi tuliozoea kupokelewa kwa "karibu" na salamu tatu kabla ya kuulizwa shida, mara ya kwanza tunadhani tumekosea mlango. Na usishangae kusikia kwamba mpishi wa kwanza wa Gates naye alipata ujuzi wake kwa yule yule Henry Perry. Kambi mbili zinazobishana mpaka leo zina mwalimu mmoja.

Kisha kuna maoni yetu wenyewe, watu wa Afrika Mashariki na Kongo, na hapa naomba nivae kidogo sare yangu ya kazi, kwa sababu mimi ni muuguzi.

Wengi wetu hukata kile kidari, tukaona duara la waridi ukingoni, tukasema nyama mbichi. Si mbichi. Gesi za kuni zinazoungua huingia kwenye nyama na kushikamana na ile protini inayoipa nyama wekundu wake, ndiyo maana ukingo haugeuki kahawia hata nyama ikiiva kabisa. Kidari hukaa kwenye moto wa pole, nyuzi kama 110 hadi 120 za Selsiasi, saa 10 na zaidi. Hata kwa kuku rangi peke yake haitoshi kukuambia kitu. Kipimo chake ni joto: ndani kifike nyuzi 74.

Wengine husema ni laini mno. Mzee mmoja wetu alipoonja kwa mara ya kwanza alinigeukia akanong'ona, "Mwanangu, hii wameshatutafunia." Nilicheka, lakini alikuwa amegusa tofauti ya kweli. Nyama choma ya kwetu ni mbuzi juu ya mkaa, chumvi, moto mkali, na meno yafanye kazi. Utamu wake ni wa kutafuna, na kachumbari husaidia. Huku moto mdogo wa saa nyingi huyeyusha zile nyuzi ngumu za kidari mpaka nyama inaachia yenyewe. Ni vyakula viwili tofauti. Kukipa kimoja nyota mbili kwa sababu si kingine ni kama kulaumu pilau kwa kutokuwa biriani.

Kwa familia za Kiislamu, nyota hazitawasaidia kabisa, kwa sababu wateja wengi hawaandiki mnalotaka kujua. Migahawa hii ya zamani hupika mbavu za nguruwe, mara nyingi katika tanuri moja na nyama ya ng'ombe, na huzikata kwenye ubao mmoja. Maharage ya babikyu kwa kawaida huwa na vipande vya nyama ndani. Mafuta ya kukaangia viazi yanaweza kuwa ya nguruwe. Na hata ng'ombe wenyewe, kama mgahawa hausemi ni halali, usidhani. Piga simu uulize kabla hujawafungia watoto mikanda ya gari. Kuuliza si aibu, na wahudumu wameshazoea.

Nimeyasema yote hayo ili nifike kwenye jambo linaloniuma. Katika miji mingi tunakoishi, mwenzetu mmoja hujikusanya, hukopa, hufungua mahali pa nyama choma. Wateja wake wa kwanza ni sisi. Na sisi ndio wakali kuliko wote. "Mbuzi si kama wa nyumbani." "Nimesubiri dakika arobaini." "Ugali umepoa." Nyota mbili. Nilikula mahali pa namna hiyo kwa zaidi ya mwaka, mama mwenye nyumba akipika, mumewe akikata, binti yao akipokea pesa baada ya shule. Palifungwa kabla ya kutimiza miaka miwili. Sitasema maoni ndiyo yaliyowafunga, kwa sababu kodi ya pango peke yake ingetosha. Lakini niliyasoma maoni yale, na karibu yote yenye nyota chache yaliandikwa na watu wenye majina kama yetu. Wageni waliokuwa hawajawahi kuonja mbuzi maishani mwao waliwapa tano.

Mbuzi hakuwa kama wa nyumbani, ni kweli. Sehemu kubwa ya nyama ya mbuzi inayoingia Marekani kutoka nje hutoka Australia ikiwa imegandishwa. Hakuchinjwa asubuhi ile, wala hakula majani ya Kondoa au ya Kajiado. Na dakika arobaini? Nyumbani tunachagua paja, linapimwa, tunakaa saa moja na nusu tukipiga soga, na tunaiita starehe. Huku tunaiita huduma mbovu.

Sisemi tudanganye. Nyama ikiwa imeharibika sema, choo kikiwa kichafu sema, ukirudishiwa chenji pungufu sema kwa sauti. Mgahawa usioambiwa ukweli haurekebishiki. Ila kuna namna ya kusema. La kurekebishika leo, mwambie mwenye nyumba leo, usoni, kwa adabu: "Mama, ugali umepoa, naomba mwingine." Ataubadilisha. Ukienda kuandika, taja ulichokula, siku na saa, umengoja muda gani, na bei uliyolipa. Hayo yanamsaidia msomaji. "Si kama wa nyumbani" haimsaidii mtu, kwa sababu kila mmoja wetu ana nyumbani kwake.

Na unaposoma maoni ya wengine, ruka nyota, tafuta maelezo. Anayelalamikia foleni anakuambia uende mapema. Anayelalamikia siki anakuambia wewe mpenda ukwaju kwamba huenda utapapenda. Lalamiko moja linalorudiwa na watu kumi katika mwezi mmoja lichukulie kwa uzito. Sifa kubwa mno isome kama barua ya mapenzi: ni ya kweli kwa aliyeiandika.

Watoto wetu wanaokulia hapa nao wanakusanya kumbukumbu za ulimi. Kesho watahamia miji mingine kwa masomo na kazi, na usiku wa baridi wataanza kuwasimulia wenzao juu ya mahali fulani ambapo nyama haina mfano. Huenda watapataja pale Brooklyn Avenue. Ningependa baadhi yao wataje pia pa mama mmoja wa Kikongo au Kitanzania aliyekuwa akibanika mbuzi nyuma ya duka la matairi, na wakirudi likizo wakute bado pako wazi.