Gari Lenye Matangi Mawili

Dereva wa pikapu aliyemchukua mgonjwa usiku kumpeleka hospitali ya mbali hana hofu tangi la kwanza linapomwishia njiani. Hubonyeza swichi ya tangi la pili, akaendelea na safari. Lakini injini ikizimika baada ya mwendo mfupi, dizeli iliyojaa katika tangi hilo haimfai kitu, wala haimfai mgonjwa. Aghalabu chanzo cha balaa hiyo ni kitu kidogo ambacho kingaligunduliwa mapema nyumbani.

Mfano ni Land Cruiser za safu ya 70, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984, ambazo baadhi yake zina matangi mawili. Katika gari la dizeli la namna hiyo, pampu huvuta mafuta kutoka tangini na kuyapitisha katika chujio. Yanayozidi haja ya injini hurudi tangini kwa bomba jingine. Kati ya matangi na injini ipo koki inayogeuzwa kwa umeme. Kazi yake ni kuchagua tangi la kuvutia na kuyarudisha mabaki katika tangi lile lile. Swichi ikibonyezwa, geji nayo huhamia tangi hilo.

Asiyefahamu mpango huo hukimbilia kununua pampu mpya, akapoteza fedha bure. Yafaa uchunguzi ufuate utaratibu.

Kwanza, geji isiaminiwe upesi. Tangi likiwa karibu tupu, litiwe lita 20 zilizopimwa, kisha mshale utazamwe. Geji ikidanganya kwa tangi moja tu, kosa li katika boya la tangi hilo au waya wake. Ikidanganya kwa yote mawili, geji yenyewe au nyaya zake ndizo za kushukiwa.

Pili, koki isikilizwe. Gari lifungwe breki na magurudumu yazuiwe kwa mawe. Injini ikiwa imezimwa lakini umeme umewashwa, mtu mmoja abonyeze swichi na mwingine asikilize chini ya gari. Pasiposikika mlio wowote, zikaguliwe fyuzi, swichi, na viungo vya nyaya, ambavyo matope na kutu huviharibu mno. Mlio ukisikika nayo mafuta yasibadilike, huenda koki imekwama au imelika ndani.

Tatu, injini ikisumbua kwa tangi moja tu, hali kwa jingine inakwenda vyema, pampu si ya kulaumiwa, kwa sababu huyahudumia yote mawili. Zichunguzwe njia za tangi lile hadi kwenye koki. Mpira wenye ufa waweza kuvuta hewa bila kudondosha hata tone moja nje.

Nne, viwango vya matangi yote viangaliwe baada ya safari. Tangi lisilotumika likizidi kujaa, koki inavuta huku na kurudisha kule. Kosa hilo ni la hatari, maana tangi laweza kufurika na kumwaga mafuta barabarani, na mafuta yanayomwagika huweza kuleta moto. Gari la namna hiyo lisiendelee kutumika kabla halijatengenezwa.

Wakati wa kazi hizo, waya wa betri uondolewe kabla ya kufungua bomba lolote. Sigara na taa ya utambi visisogee karibu. Wala mtu asivute mafuta kwa mdomo, kwani dizeli ikiingia mapafuni huweza kuua.

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini dizeli iliyoachwa miezi mingi katika tangi la pili huharibika. Maji hukusanyika chini, uchafu na kutu hufuata, na siku ya haja vyote huvutwa hadi kwenye chujio. Kwa hiyo ni heri kila juma gari litembee kidogo kwa kila tangi, na maji yaliyo chini ya chujio yamwagwe mara kwa mara. Dereva afanyaye hivyo huijua hali ya tangi lake la pili mchana, akiwa nyumbani, wala hangoji kuijua usiku porini, huku mgonjwa akigumia nyuma.