Tukihifadhi Maneno, Tusiiache Sarufi Nje

Katika Kifaransa tunachofundishiwa, neno classe lina kazi mbili. Kwenye somo la lugha za Kiafrika ni ngeli: kundi la nomino zenye kiambishi na upatanisho wake. Kwenye utungaji wa programu ni klasi: kielelezo kinachosema kitu cha aina fulani kina sehemu gani na kinaweza kufanya nini. Maana hizi mbili hukutana kila mara mwenzetu anapoacha fishi za karatasi na kuweka msamiati wa Kiluba, Kisanga au Kibemba katika hifadhidata ya wingu kama Firestore ya Google. Maoni yangu ni kwamba kuamua nini kihifadhiwe, na kwa umbo gani, ni kazi ya mwanaisimu. Tusimwachie mtunga programu peke yake.

Tuchukue klasi tuiite Nomino. Ina shina, ngeli ya umoja, ngeli ya wingi, toni na maana. Ndani yake kuna pia kanuni: ukiipa shina -ti na ngeli ya 3, inakupa mti, ukiipa ngeli ya 4, inakupa miti. Lakini Firestore haihifadhi klasi. Inahifadhi dokumenti, nayo dokumenti hupokea data za kawaida tu: maandishi, namba, ndiyo au hapana, tarehe, orodha, jozi za jina na thamani, na nyingine chache. Ukitumia JavaScript na kuipelekea Nomino kama ilivyo, inaikataa. Lazima uandike kigeuzi cha pande mbili: upande mmoja unakivunja kitu kuwa data za kawaida, wa pili unakijenga upya kinaposomwa. Kwa Java au Kotlin kwenye simu za Android, ugeuzaji huo hufanyika wenyewe iwapo klasi imetungwa inavyotakiwa. Kwa njia zote mbili, matokeo ya kanuni yanaweza kupanda kwenye wingu, lakini kanuni yenyewe haipandi. Inabaki ndani ya programu.

Hapo ndipo penye hatari. Mwenye programu akimaliza masomo na kuondoka na kompyuta yake, kitivo kinabaki na dokumenti inayosema "-ti, 3, 4". Sisi tuliosoma namba za Bleek na Meinhof tutakisia. Mjukuu wa mzungumzaji aliyetupa neno hilo hataelewa kitu. Tena, tusipoandika aina yake waziwazi, dokumenti haitasema kama ilitoka kwenye klasi ya nomino au ya kitenzi.

Mtu asiyesoma isimu hawezi kukiandika kigeuzi hicho vizuri, hata awe hodari namna gani. Angalia neno kipofu. Kwa umbo liko ngeli ya 7, na wingi wake, vipofu, uko ngeli ya 8. Lakini tunasema kipofu huyu amefika, vipofu hawa wamefika. Klasi yenye sehemu moja tu ya ngeli italazimika kudanganya upande mmoja. Zinahitajika sehemu mbili, ya umbo na ya upatanisho. Au chukua batu, anavyosema mtu wa Lubumbashi pale kitabu kinaposema watu. Pasipo sehemu ya mahali neno liliposikika, mmoja atamsahihisha mwenzake na kufuta lahaja nzima.

Toni nayo ina mtego wake. Herufi á inaweza kuandikwa kwa msimbo mmoja, au kwa misimbo miwili: a, kisha alama ya toni. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa hifadhidata ni maandishi mawili tofauti, na anayetafuta neno kwa njia moja halipati lililoandikwa kwa njia nyingine. Kigeuzi kinapaswa kuziweka zote katika umbo moja kabla ya kuhifadhi.

Wengine watasema: andika tu umoja na wingi kama vilivyosikika, yaishe. Nakubali nusu. Maumbo yaliyosikika lazima yahifadhiwe, kwa kuwa kanuni zetu hukosea na lugha ina vighairi vyake. Lakini maumbo bila uchambuzi ni orodha tu, na uchambuzi bila maumbo ni kukisia. Tuhifadhi vyote viwili. Nafasi si kisingizio: dokumenti moja ya Firestore inaweza kufikia karibu mebibaiti 1, na ingizo la kawaida la kamusi halikaribii hata kidogo.

Kwa hiyo naomba walimu wetu wadai mambo matatu kwa kila kazi ya kumaliza masomo yenye msamiati wa kidijiti. Kwanza, klasi na kigeuzi chake vichapishwe kwenye kiambatisho, na kila kanuni ielezwe kwa maneno. Pili, kila dokumenti itaje aina yake na toleo la klasi iliyoitoa. Tatu, nakala ya data zote, katika faili za maandishi ya kawaida, ibaki maktabani.

Fishi ya karatasi husomwa na yeyote anayefungua droo. Msamiati tunaoupandisha kwenye wingu nao usomeke hivyo, hata siku programu yetu itakapokuwa imekufa.