Bastola Chini ya Koti
Mtumishi wa Mgwashi anayeogopa njia ya usiku huenda akajiuliza anunue bastola ipi, nyepesi, isiyoonekana chini ya koti. Swali hilo limekosewa tangu mwanzo. Mnyang'anyi hapigi hodi; humvamia mtu kwa nyuma katika ukungu wa Usambara, na silaha iliyofichwa huwa yake kabla haijachomolewa. Sheria ya mwaka 2015 humruhusu mwananchi kuomba leseni, lakini nyumbani kwa mwalimu, penye watoto, itafichwa wapi? Wasukuma na Wanyamwezi walipochoshwa na wezi wa ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliunda sungusungu, kwa pinde na filimbi (nao, ni kweli, walivuka mipaka mara nyingine). Mgwashi yahitaji zamu za ulinzi, karani na mwalimu wakiwamo.