Mwizi Yuko Zizini: Utoke au Usubiri Polisi?

Wananchi wa Tarime na Serengeti wamekwisha kusikia ushauri uleule mara nyingi kutoka meza kuu za mikutano ya hadhara: msijichukulie sheria mkononi, toeni taarifa polisi. Ni ushauri sahihi. Kasoro yake ni kwamba unamfaa mtu mwenye ukuta, geti, taa ya nje na kituo cha polisi mtaa wa pili. Mtu wa Nyanungu au Gorong'a ana zizi la miti, giza na njia inayoelekea mpakani. Mwizi akishafungua zizi hilo usiku wa manane, mifugo inaweza kuwa Kenya kabla hakujapambazuka. Kwa mtu huyo, kuambiwa asubiri ni sawa na kuamriwa akubali hasara.

Ndiyo maana wengi hutoka. Wanashika panga, rungu au upinde, wanafungua mlango na kuingia gizani. Siwalaumu kwa kutojali, maana ng'ombe katika wilaya hizi ndiye ada ya shule, ndiye mahari ya kijana, ndiye matibabu ya mzazi, na akishavuka hakuna bima itakayomrudisha. Lakini nitalisema wazi: mwenye nyumba kutoka peke yake ni uamuzi mbaya kuliko hata kusubiri gari la polisi lisilofika. Ukitazama historia ya wizi wenyewe utaona kwa nini.

Mwanaanthropolojia Michael Fleisher alifanya utafiti Tarime katika miaka ya 1990 na kuchapisha kitabu mwaka 2000 kuhusu wezi wa mifugo wa Kikurya. Alichokionyesha ni kwamba wizi ulikuwa umekwisha kuacha kuwa shughuli ya vijana kutafuta mahari na sifa. Ulikuwa biashara yenye wanunuzi, tena soko lake kubwa likiwa ng'ambo ya mpaka. Alieleza pia jinsi bunduki zilivyoingia kwenye kazi hiyo baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, katika jamii iliyokuwa na vijana wengi waliopita jeshini. Na mara nyingi mwizi na mwibiwa wote walikuwa Wakurya, wakitofautiana koo tu.

Hapo kuna mambo mawili ambayo mwenye boma anayeshika panga hayapimi. La kwanza, anayeonekana zizini huenda si yeye peke yake aliyekuja. Kazi hii hufanywa na kundi, na mwenye silaha anaweza kuwa amesimama pembeni akitazama mlango wako. La pili, anaweza kuwa anakufahamu, na ukimtambua ana kwa ana kwa hatua tatu, umempa sababu ya kukunyamazisha. Januari 2014 vijiji kadhaa vya Tarime viliishi kwa hofu ya muuaji mwenye bunduki aliyekuwa akipiga watu risasi, na siku hizo hata wanaume wanaojulikana kwa ushujaa walifunga milango mapema. Hawakuwa waoga. Walijua panga halishindani na risasi.

Kisha kuna swali ambalo wanaume tunalisahau tunapobishana: nani yuko ndani? Wakurya wana ndoa ya nyumba ntobhu, ambamo mwanamke mtu mzima asiye na mtoto wa kiume humwoa binti ili apate watoto wa kuendeleza mji wake. Miji ya namna hiyo ipo Tarime, ipo Serengeti. Ongeza wajane, ongeza wanawake ambao waume zao wako machimboni Nyamongo au wamekwenda mijini kutafuta riziki. Ushauri wa "toka upambane" hauna maana yoyote kwa bibi wa miaka sabini na mkazamwana wake mwenye watoto watatu. Kama kanuni ya usalama haiwezi kufuatwa na bibi huyo, basi si kanuni ya kijiji. Ni majigambo ya wenye misuli.

Kinachomsaidia bibi huyo ni yowe. Mtu anabaki ndani, anafunga mlango, anapiga yowe, na kila anayelisikia ana wajibu wa kulipokea na kulipeleka mbele. Wanaoijua kazi hawakimbilii wote boma lililovamiwa. Wengine huwahi njia za mpakani na vivuko vya Mto Mara, maana mwizi anaweza kubadili mwelekeo lakini ng'ombe lazima wapite mahali panapopitika. Asubuhi hufuatwa nyayo. Simu imeliongezea yowe nguvu: mwenyekiti wa kitongoji anaweza kuamsha vijiji vitatu bila kutoka kitandani, na namba ya dharura 112 ikapigwa wakati huohuo. Huku si kusubiri polisi, wala si kupambana peke yako. Mgogoro tunaoubishania, wa kutoka au kusubiri, una mlango wa tatu ambao wazee wa ritongo, baraza la jadi la Wakurya, waliujua kabla hakujajengwa kituo chochote cha polisi.

Tena mlango huo ni halali. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia wa kawaida kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele yake, kwa sharti kwamba amkabidhi polisi bila kuchelewa. Sungusungu nao, walioanzia Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, walitambuliwa na Bunge mwaka 1989 kwa kupewa mamlaka ya kukamata kama ya mgambo. Kwa hiyo kijiji kinachozingira na kukamata hakivunji sheria. Kinafanya kazi ambayo nchi ilikubali kwamba polisi hawawezi kuifanya peke yao.

Balaa linaanza mwizi akishakamatwa, na hapo ndipo ninapotofautiana na wengi wanaosifu ulinzi wa jadi. Mtu yuko chini, mikono imefungwa, hatari kwa mwenye mji imekwisha. Anayempiga jiwe saa hiyo hajitetei tena. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakupa haki ya kujitetea, kumtetea mwingine na kutetea mali, kwa nguvu ya kadiri inayohitajika na si zaidi. Inakwenda mbali kiasi cha kutambua kwamba kifo kinaweza kutokea katika utetezi halali, kwa mfano unapovamiwa na mtu unayeamini kwa haki kwamba atakuua, au nyumba inapovunjwa usiku, au unaponyang'anywa kwa nguvu. Nguvu ikizidi kadiri na mtu akafa, sheria hiyohiyo inasema hilo ni kosa la kuua bila kukusudia. Na kama hapakuwa na utetezi wowote, kwa sababu aliyeuawa alikuwa amefungwa kamba, hilo ni shtaka la mauaji, na shtaka la mauaji katika nchi yetu halina dhamana. Aliyetoka kuokoa ng'ombe wanne anaweza kukaa mahabusu miaka akisubiri Mahakama Kuu, huku ng'ombe haohao wakiuzwa kumlipa wakili.

Zizi lenyewe lina utata ambao wenye mifugo wangefaa kuujua. Kosa la kuvunja nyumba usiku linahusu jengo ambalo binadamu analala. Zizi la miti haliwi nyumba kwa sababu tu liko karibu na mlango wako. Mawakili wanaweza kubishana juu ya maneno mapana yaliyomo katika sheria kuhusu makosa yanayohatarisha mali, lakini mimi nisingependa maisha ya mkulima yategemee ubishi huo.

Kuna hoja nyingine dhidi ya kuua ambayo sijasikia ikitolewa kwa nguvu inayostahili. Mwizi aliyekufa hamtaji mnunuzi. Ikiwa wizi huu ni biashara, basi nyuma ya kijana aliyeshikwa zizini kuna mwenye fedha, kuna dereva, kuna mtu anayepokea mifugo usiku na kuilaza mahali. Hao ndio wanaofurahi kuliko wote kundi lenye hasira linapomaliza kesi kwa mawe, kwa kuwa kesho yake watatafuta kijana mwingine, na vijana wasio na kazi hawajaisha. Mahakama zetu, kwa upande wao, zina masharti magumu kuhusu utambuzi wa usiku: kulikuwa na mwanga wa aina gani, umbali ulikuwa kiasi gani, shahidi alimtazama mtuhumiwa kwa muda gani, walikuwa wanafahamiana? Mahakama ya Rufani iliyaweka wazi mwaka 1980 na yanafuatwa hadi leo. Tena inatilia uzito mkubwa shahidi aliyemtaja mtuhumiwa mapema, mara ya kwanza alipopata nafasi. Bibi aliyebaki ndani, akachungulia, akapiga yowe akitaja jina, kisha akalirudia kwa mtendaji wa kijiji saa ileile, amefanya zaidi ya vijana ishirini wenye marungu.

Halafu kuna kisasi. Februari 2010, huko Mgaranjabo nje kidogo ya Musoma, watu 17 wa familia moja waliuawa usiku mmoja, na taarifa za wakati ule zililihusisha tukio hilo na kisasi cha mambo ya wizi wa mifugo. Watoto walikuwamo. Mkoa wa Mara hauna haja ya kuelezwa kwamba damu ya mwizi nayo ina ndugu zake. Anayesema "tuwaue wataacha" anazungumza kana kwamba hajawahi kuishi hapa.

Wenye boma wakinijibu kwamba serikali inawadai uvumilivu isioudai kwa wengine, sitawapinga. Nyamongo kuna mgodi wa dhahabu wa North Mara. Kwa miaka mingi polisi wamelinda eneo lake kwa makubaliano na mwenye mgodi, wakiwazuia vijana wanaoingia kuokota mawe, wale wanaoitwa maintruda. Kwa hiyo, katika wilaya ileile, mali moja ina polisi mlangoni na mali nyingine inaambiwa ipige simu. Hata hivyo Nyamongo ina funzo jingine kwa wanaodhani silaha ndiyo dawa. Mei 2011 watu watano waliuawa kwa risasi pale mgodini. Mwaka 2013 baadhi ya wanakijiji walifungua kesi London dhidi ya African Barrick Gold na kampuni yake tanzu ya mgodi, nayo ikamalizwa nje ya mahakama mwaka 2015. Ikiwa kampuni yenye ukuta, kamera na askari wenye mafunzo imelazimika kujibu kwa nini watu walikufa kwa sababu ya mawe yenye dhahabu, kijiji chenye upinde kitajibu nini kwa ajili ya ng'ombe?

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: baki ndani, piga yowe, taja jina, zibeni njia, mkamateni akiwa hai, mkabidhini mbele ya mwenyekiti na mtendaji kwa maandishi. Lakini kijiji hakiwezi kudaiwa hayo yote huku mwenzake, yaani polisi, akiwa hayupo. Mwananchi akimkabidhi mtuhumiwa na kumwona sokoni baada ya siku tatu bila maelezo, yowe lijalo litaishia kwa mawe, na hapo mkuu wa kituo hawezi kusema hakuonywa. Dhamana ni haki ya mtuhumiwa, na asiyeelezwa hivyo huiona kuwa rushwa. Kuirudisha taarifa kwa aliyeibiwa ni kazi ya polisi kama ilivyo doria.

Na kuna pengo la kiutawala ambalo wezi wanalijua vizuri. Tarime iko chini ya Kanda Maalumu ya Kipolisi ya Tarime na Rorya, yenye kamanda wake. Serengeti iko chini ya kamanda wa mkoa aliyeko Musoma. Kati yao unapita Mto Mara, na mifugo inayovushwa usiku huhama mamlaka kabla taarifa haijahama. Wakaguzi wa polisi waliopangwa kwenye kata ni hatua nzuri, kwa sababu mkaguzi wa kata akipigiwa na mwenzake wa ng'ambo moja kwa moja, kivuko kinaweza kuzibwa kwa dakika badala ya saa. Ila mkaguzi asiye na pikipiki, au mwenye pikipiki isiyo na mafuta, ni shahidi mwingine tu anayesubiri asubuhi.

Fedha si kisingizio. Halmashauri ya Wilaya ya Tarime hupokea mapato makubwa yatokanayo na mgodi, na Serengeti ina utalii wa hifadhi inayojulikana dunia nzima. Madiwani hupitisha bajeti kila mwaka kabla ya Julai, na wanaowachagua wana haki ya kuuliza ni kiasi gani humo kimetengwa kwa mafuta ya doria ya usiku na kwa taa kwenye vivuko.